UMESIMAMA MWENYEWE, LAKINI UNAMFUATA NANI?

Ndugu yangu unayesoma karatasi hii!

Labda umepewa uwanjani kwenye mkutano, labda umepewa stendi ukisubiri basi, labda umeikuta imefungiwa karanga. Yote sawa. Usiitupe. Soma mpaka mwisho, hata kama wewe si mtu wa kanisani, na hata kama ulishaapa kwamba walokole hawatakupata. Leo sianzi na mambo ya kanisa. Leo nataka kwanza twende porini.

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi, nyumbu wa Serengeti wanakusanyika katika mbuga za kusini, kule Ndutu na upande wa Ngorongoro, ili wazae. Ni wengi mno, zaidi ya milioni moja! Majani ya kule ni mafupi, na udongo wake umetokana na majivu ya milima ya moto, kwa hiyo majani hayo yana madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Tena kwa sababu majani ni mafupi, adui hapati pa kujificha kirahisi. Nani aliwafundisha nyumbu hayo yote? Hawajakaa darasani hata siku moja. Ni Mungu! Ndama karibu nusu milioni wanazaliwa katika msimu huo mmoja, na sehemu kubwa yao wanazaliwa ndani ya majuma matatu hivi, kama waliopigiwa kengele.

Sasa mtazame ndama mwenyewe. Anaanguka chini, amelowa, anatetemeka. Hakuna mkunga, hakuna nepi, hakuna bibi wa kumkanda. Anajaribu kuinuka, anaanguka. Anajaribu tena, anaangukia pua. Lakini kabla wewe hujamaliza kuchemsha maji ya chai, yuko juu! Dakika sita, saba, kumi, amesimama kwa miguu yake minne. Baada ya muda kidogo anakimbia nyuma ya mama yake, na baada ya siku moja hivi anakwenda sawa na kundi. Twiga naye, mnyama wa taifa letu, anazaa akiwa amesimama, mtoto anadondoka kutoka juu karibu mita mbili, puu! Wewe ungesema amekufa. Ndani ya saa moja amesimama. Yule nyoka aitwaye kifutu anazaa watoto wengi kwa mara moja, wakiwa hai, na kila mmoja ana sumu yake tangu siku ya kwanza. Hasubiri kufundishwa kuuma. (Hapo ungeweza kuhubiriwa siku nzima juu ya dhambi, lakini tuendelee.)

Mambo haya Mungu mwenyewe aliyasema zamani. Alipomhoji Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, alimwuliza habari za mbuzi wa majabalini na kulungu: nani anaijua saa yao ya kuzaa, nani anawahesabia miezi yao? Akamwonyesha jinsi watoto wao wanavyopata nguvu, wanavyokulia huko nyikani, kisha wanakwenda zao na hawarudi tena kwa mama (soma Ayubu 39:1-4). Ayubu hakuwa na jibu. Mimi na wewe pia hatuna.

Haya, sasa mlete mwanadamu! Huyu aliyepewa kuwatawala wanyama wote niliowataja. Anazaliwa hata shingo yake hawezi kuishikilia. Nzi akitua puani hawezi kumfukuza. Anakwenda karibu mwaka mzima ndipo apige hatua ya kwanza, na watu wote wa nyumbani wanapiga makofi kwa jambo ambalo mtoto wa nyumbu alilifanya kwa dakika saba! Mwache peke yake usiku mmoja wa baridi, asubuhi unachimba kaburi.

Je, Mungu alikosea? Hapana. Mungu hakosei. Ndama alipewa miguu mapema kwa sababu fisi yuko pale pale, hana siku ya kungoja. Wewe ulifanywa uje mtupu ili upokee: ufundishwe lugha, uitwe jina, ujue baba yako ni nani. Na kuna kitu kimoja mtoto wa mtu anacho tangu siku ile ile. Hawezi kutembea, lakini sauti ya mama yake anaitambua, maana aliisikia tangu yumo tumboni. Miguu haijawa tayari lakini sikio liko tayari. Shika neno hilo.

Nabii Ezekieli alipewa maono ya mtoto wa namna hiyo. Sura ya 16, mistari ya mwanzo. Mtoto wa kike ametupwa porini siku aliyozaliwa. Kitovu hakijakatwa. Hajaoshwa, hajasuguliwa chumvi kama walivyofanya watu wa zamani, hajavikwa nguo. Hakuna jicho lililomhurumia. Anagaagaa katika damu yake. Ingekuwa ni ndama, angeinuka akaondoka zake. Lakini ni mtoto wa mtu, hawezi. Ndipo Mungu akapita njia ile, akamwona, akamwambia aishi. Hakumwambia ajioshe kwanza. Hakumwambia ainuke amfuate. Alimwamuru aishi, na yeye mwenyewe akamwosha, akamvika. HUO NDIO WOKOVU, ndugu yangu! Wokovu hauanzi na miguu yako.

Lakini nakusikia unavyonijibu. Unasema, "Mwinjilisti, hayo ni ya watoto wachanga. Mimi nimejilea mwenyewe. Baba yangu simjui. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Nimelala vibarazani, nimeosha magari, nimeuza maji, na leo nina kibanda changu na ninalipa kodi ya nyumba. Mungu alikuwa wapi?"

Sitakucheka, na sitakuambia kwamba ni uongo. Watu wa namna hiyo ni wengi katika miji yetu. Wengine hata wazazi walikuwa nao, lakini walipelekwa kwa watu wakiwa na miaka kumi, kumi na mmoja, kuosha vyombo na kulea watoto wa wenzao. Na hapa niseme neno kwa wazazi, hata kama litawaudhi: mtoto wako si ndama wa nyumbu! Unampandisha basi na kifurushi chake, unamwambia "ukajitegemee," na moyo wako unatulia eti kwa kuwa amejua kufua na kupika. Amejua kufua, ndiyo. Je, amejua kumkataa baba mwenye nyumba anayegonga mlango wake usiku? Utajibu mbele za Mungu, mama. Utajibu, baba. Mtoto akisimama mapema, usidhani amemaliza kulelewa.

Sasa nirudi kwako wewe uliyejilea. Turudi kule Ndutu tukamtazame ndama tena, maana sikukumalizia habari yake.

Ndama amesimama. Ana miguu, ana mbio. Unafikiri basi amepona? Sikiliza. Fisi wakiingia katika kundi, au kundi likivuka maji, vumbi linatimka, kila mmoja anakimbia upande wake, na ndama wengine wanapotezana na mama zao. Anazunguka analia. Anamwendea nyumbu jike wa kwanza, anamnusa, si harufu ya mwanawe, anampiga pembe. Anakwenda kwa wa pili, anafukuzwa. Nyumbu hanyonyeshi mtoto wa mwenzake! Yuko katikati ya maelfu ya nyumbu na hana hata mmoja. Hapo ndipo jambo la kuhuzunisha linapotokea. Ndama huyo anaanza kufuata kitu chochote kinachotembea. Gari la watalii likipita, analifuata. Na ameonekana, ndugu yangu, akimwendea hata fisi. Anamwendea kwa miguu yake mwenyewe. Miguu mizima kabisa, haina hata mchubuko!

Umeona? Shida yake haikuwa kusimama. Kusimama aliweza ndani ya dakika saba. Shida ni kwamba moyo wake uliumbwa kufuata, na aliyestahili kufuatwa hayupo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, msomi wa tabia za wanyama. Katika miaka ya 1930 alitotolesha mayai ya bata bukini, na vifaranga walipotoka wakamwona yeye kabla ya mama yao. Basi! Wakamfuata yeye. Akienda bustanini wapo nyuma yake, akiingia majini wapo naye. Bata mzazi aliwekwa mbele yao wakamkataa. Kazi hiyo ilimpa sifa duniani, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mimi sina elimu ya kubishana na wasomi, lakini hilo naliona kila siku mitaani bila darubini. Kifaranga anatoka na miguu tayari, na miguu hiyo inamfuata wa kwanza kuonekana.

Ni nani uliyemwona wewe wa kwanza?

Kijana mmoja alinifuata baada ya mkutano, mbeba mizigo wa stendi, ana mikono kama mbao. Aliniambia alitoka kwao akiwa na miaka tisa. Alisema, "Mimi Mungu alinitupa, nikajilea." Nikamwuliza, usiku wa kwanza mjini ulikula kwa nani? Akanyamaza kidogo. Akasema kuna kaka mmoja alimpa mkate na soda, akamwonyesha pa kulala. Nikamwuliza, na kesho yake huyo kaka alikufundisha nini? Akacheka. Akasema, "Kuchomoa pochi." Akamfuata kaka huyo miaka sita, mpaka kaka alipochomwa moto na watu wenye hasira. Kisha akamfuata mwingine. Kisha akaifuata gongo. Nikamwambia, mdogo wangu, hukujilea. Ulifuata tu. Siku ile hakuomba sala ya toba. Alinitazama, akavuta kofia yake, akaondoka. Nimeuliza habari zake stendi ile mara mbili. Hii karatasi naiandika nikimfikiria yeye, na kama ni wewe umeishika, mdogo wangu, mlango haujafungwa.

Wako wengine watasema, mimi sikumfuata mtu yeyote, nilifuata mwanga. Nilitafuta dini, nikatafuta waganga, nikatafuta elimu. Basi nikuambie habari ya kasa. Huyu hana mama kabisa. Mama yake anapanda ufukweni usiku, anachimba shimo, anataga mayai mia moja hivi, anafukia mchanga, anarudi baharini. Hageuki nyuma. Baada ya miezi miwili hivi wanatotolewa, wanachimba mchanga kwenda juu, wanatoka usiku, na bila mwalimu wanajua pa kwenda. Wanakwenda penye mwanga, kwa sababu usiku mahali peupe kuliko pote ufukweni ni upande wa bahari, mbingu na nyota zinang'aa juu ya maji. Ndivyo Mungu alivyowawekea. Lakini siku hizi kuna mahoteli pwani na taa zao kali. Mtoto wa kasa anatoka mchangani, anaona taa, anageuka. Anaipa bahari mgongo! Anatambaa kwa bidii yote, kwa imani yote, kuelekea barabarani. Jua likichomoza linamkausha, kunguru wanammaliza. Hata wanaofika majini, wataalamu wanakadiria kwamba katika elfu moja labda mmoja tu ndiye anayeishi mpaka kuwa kasa mkubwa.

Alikuwa na bidii. Alikuwa na miguu. Alifuata mwanga. Na Biblia inatuonya kwamba Shetani naye anajua kujigeuza awe kama malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Mganga ana mwanga wake, anakutajia hata jina la bibi yako. Hirizi kiunoni inakupa ujasiri. Fedha ina mwanga mkali kuliko yote. Na wako wahubiri wa leo, nasema bila kuogopa, wanaouza maji na mafuta kwa bei, nao ni taa ya hoteli. Usipime mwanga kwa ukali wake. Uliza kwanza uko upande wa bahari au upande wa barabara.

Sasa tufike kwa Yesu mwenyewe. Alipoulilia mji wa Yerusalemu, alitafuta mfano wa kuonyesha moyo wake, na angeweza kuchagua mnyama yeyote maana ndiye aliyewaumba. Hakuchagua simba. Alichagua KUKU! Alisema ni mara nyingi sana alitaka kuwakusanya watoto wa mji ule kama kuku anavyowakusanya vifaranga wake chini ya mbawa, nao hawakutaka (Mathayo 23:37).

Wewe unamjua kuku, hilo halihitaji msomi. Kifaranga wa kuku anatotolewa ana manyoya, ana macho, anatembea siku ile ile, anadonoa mwenyewe. Tena kabla hajatoka ndani ya yai, kiini cha yai kinaingia tumboni mwake, kinamtosha siku mbili tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo maana unaona vifaranga wa siku moja wanasafirishwa ndani ya maboksi yenye matundu, juu ya basi, kutoka mkoa hadi mkoa, na wanafika wazima wanapiga kelele. Anajiweza! Lakini mwulize mfugaji yeyote kitu kimoja ambacho kifaranga huyo hawezi. Hawezi kujipasha joto. Juma la kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 mpaka 35. Jiko la mkaa likizimika usiku, asubuhi unawakuta wamelaliana pembeni, wa chini wote wamekufa. Chakula kilikuwepo. Maji yalikuwepo. Miguu walikuwa nayo.

Ndugu, unajilisha. Nakupongeza. Una kibanda, una baiskeli, una watoto wanaosoma. Lakini usiku taa ikizimwa, ukalala unatazama paa, ile baridi iliyo ndani yako umeipasha kwa nini? Kwa pombe? Kwa mke wa mtu? Kesho asubuhi imerudi pale pale.

Na tazama neno lile la mwisho la Bwana: hawakutaka. Hakusema hawakuweza. Kinda la njiwa linatotolewa uchi, macho yamefumba, liko kiotani, halina pa kwenda. Hata likitaka kumkataa mama yake haliwezi. Kifaranga wa kuku anaweza. Mama analia, kwo kwo kwo, mwewe yuko angani, na kifaranga mmoja ameona punje ya mtama kule mbali. Ana miguu ya kumpeleka kwenye mbawa, na miguu hiyo hiyo inaweza kumpeleka kwenye mtama. Nguvu ile unayojisifia, kwamba umesimama mwenyewe, ndiyo inayokufanya uweze kumkataa Yesu. Mtoto mchanga hamkatai. Wewe unamkataa kila mkutano unapokuja mjini kwenu, unasimama kule nyuma kabisa chini ya mwembe, unasikiliza nyimbo, ukiona mwito unakaribia unaondoka. Nimekuona!

Mwewe akishuka, anakutana kwanza na mgongo wa mama. Kucha zinaingia kwake. Yesu alipotandaza mikono yake pale Kalvari hakuwa anajikinga, alikuwa anafunika. Waliokuwa chini yake hawakupata kucha. Mahali pale chini bado pana nafasi, tena pana joto.

Na ninyi mliookoka zamani, mnaosoma haya na kusema amina, amina, nina swali lenu moja. Mtu akiongozwa sala ya toba siku ya Jumapili, Jumatatu nani anamtembelea? Mnamwacha kama mtoto wa nyumbu, mkitegemea baada ya dakika saba awe anakimbia na kundi. Mtume Petro alimfananisha aliyezaliwa mara ya pili na mtoto mchanga anayetamani maziwa (1 Petro 2:2). Mtoto mchanga! Mara ngapi tumesema "yule alirudi nyuma" wakati kweli ni sisi tulimwacha mchangani? Nendeni mkamtafute. Mnajua anapokaa.

Wewe ambaye hujaokoka, usingoje mpaka uwe safi. Kumbuka yule mtoto wa Ezekieli. Mahali ulipo sasa, hata kama ni stendi, hata kama una harufu ya pombe, sema maneno haya kwa sauti yako mwenyewe:

"Bwana Yesu, nimechoka kujilea. Nimewafuata wengi na hawakuwa wewe. Mimi ni mwenye dhambi, natubu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nioshe kwa damu yako. Futa jina langu katika kitabu cha hukumu, uliandike katika kitabu cha uzima. Leo naingia chini ya mbawa zako. Nifundishe kuijua sauti yako. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kumaanisha, usiende nyumbani peke yako leo. Kama uko uwanjani, njoo mbele jukwaani, au mfuate yule aliyekupa karatasi hii. Ataacha kugawa, atakaa na wewe. Kama una hirizi, ije nayo, tutaichoma pamoja. Kama uko mbali na mkutano, ulizia kanisa la watu waliookoka hapo mtaani kwenu, watu wanaofungua Biblia na wasiokuuliza una shilingi ngapi. Ingia hata kama hujui wimbo hata mmoja. Wakikuuliza umetoka wapi na wewe ni nani, usianze kujieleza mengi. Waambie, "Mimi nimezaliwa leo, naomba mnilee."